Chupa ya Buluu

Mbelwa alikuja Jumatano, saa saba ya jua,
gereji yangu ya Barabara ya Kumi na Nne,
akaipandisha Altezza juu ya shimo.
Kiti cha nyuma, ndani ya kanga ya mama yake,
chupa ya buluu imelala
kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Da Mwanakheri, nifungie nosi.
Kesho usiku nina mtu Kange."

Nikaishika. Ya moto.
Mshale wa geji umeshavuka wekundu.
Sikusema neno. Nikaihamishia kivulini,
nikaifunika gunia bichi,
nikamtuma mtoto soda ya tangawizi,
maana mwenye haraka humwambii kitu akiwa wima.

Gesi hii haiwaki, nikamwambia alipokaa.
Ngamiani nzima watakuapia inawaka. Haiwaki.
Inauchochea moto uliopo,
kama shangazi aliyefika harusini na maneno.
Ukiipa injini pumzi ukainyima petroli,
pistoni inatoboka utosini.
Ninayo moja pale dirishani:
umeme ukikatika, naisimamishia mshumaa
kwenye lile tundu.

Akaitazama. Akaiinua.
"Ilikuwa ya nani?"
Yangu.

Alhamisi ikapita tuko uvunguni.
Mtu wa Kange alipiga simu mara sita,
ya saba hakupiga.

Pampu ya petroli kwanza, kubwa kuliko ya zamani.
Plagi za baridi.
Moto wa plagi nikauchelewesha nyuzi mbili.
Chupa kwa bolti, si kwa kamba,
ingawa mji huu katani haujatuishia.
Paipu ya kupumulia ikatokea chini ya buti:
siku chupa ikikasirika iitemee lami,
isimtemee dereva kisogoni.
Kisha swichi mbili, moja ya kidole,
moja chini ya pedeli, isiyoitika
mpaka mguu uguse sakafu
na injini ivuke elfu tatu.
Jeti nikachagua ndogo kuliko zote.
Hapo akanuna.

Akanusa kiungio. "Mbona kiberiti?"
Wameitia makusudi, mwanangu,
asitokee mjinga wa kuivuta.

Ukutani, juu ya betri mbovu,
kuna maneno niliyaandika kwa rangi ya bodi
mwaka niliotoka hospitali:

*Mwendo hauna haraka, mwenye haraka ni wewe;*
*Ukitaka kuondoka, urudi ukiwa wewe.*

Aliyasoma kimoyomoyo. Midomo niliiona.

"Sasa Kange?"
Kange kuna mama anakaanga mihogo kando ya lami,
na mwanawe analala chini ya meza.
Wewe utampigia honi saa ngapi?

Spana ya vali nikaitia mfukoni.

Jumapili tulikwenda shamba la mkonge lililofungwa,
kwa barua ya meneja.
Kamba huku, kamba kule, mtu kila upande,
mtungi wa kuzimia moto umekaa majanini
kama mgeni mwekundu asiye na wa kuzungumza naye.
Nikafungua vali. Nikasogea.

Sekunde nne tu.
Gari halikunguruma kama alivyotarajia.
Lilivuta pumzi ndefu, kisha mistari ya mkonge
ikajikunja pande zote mbili,
na vumbi likabaki limesimama peke yake,
halijui gari limeelekea wapi.

Aliporudi mikono ilikuwa inatetemeka.
Nikachomoa plagi moja, nikampa kwa kitambaa.
Soma.
Rangi ya chai ya maziwa.
"Ndiyo nzuri?"
Ndiyo nzuri. Ingekuwa nyeupe, tungerudi kwa miguu.

Hakuomba jeti kubwa.
Alinyoosha kiganja; nikampa spana.
Akafunga vali mwenyewe, akamwaga gesi ya kwenye paipu,
akaangalia geji, akaangalia tena.

Tulipofika Pongwe lori la saruji lilitujia nyuma,
likapiga honi, likatupita kwa kishindo,
likitunyunyizia vumbi la kijivu kwenye kioo.
Mbelwa akawasha waipa.
Akaliacha liende.